Mnajuaje kasi ya ugonjwa ilhali hamjui idadi ya wagonjwa?

*Swali: Mimi ni mama wa watoto wawili na katibu wa kamati ya wakazi mtaani kwetu, upande wa Embakasi. Tumeingiliwa na kipindupindu. Kila Ijumaa mhamasishaji wa afya ya jamii hutusomea idadi ya wagonjwa wa wiki iliyopita. Wiki ya kwanza walikuwa 2, ya pili 5. Wiki ya tatu alisoma 7, siku chache baadaye akasema ni 11. Wiki ya nne alisoma 15, ikabadilishwa ikawa 24. Juzi amesoma 16. Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna wanaosema ugonjwa unapungua, umetoka 24 hadi 16. Kijana mmoja wa chuo amepiga hesabu akasema wagonjwa wanaongezeka maradufu kila wiki, na kufikia Krismasi mtaa mzima utakuwa umeugua. Wengine wanasema takwimu zinapikwa, la sivyo zisingekuwa zinabadilishwa kila mara, na kwamba wengi wetu hununua dawa dukani bila kufika hospitali, kwa hiyo hakuna anayejua lolote. Nauliza: ninyi wataalamu mnajuaje ugonjwa unaenea kwa kasi gani wakati hamjui wagonjwa ni wangapi? Na je, niwapeleke watoto kwa nyanya yao Kitui?*

Pole sana, dada, na asante kwa kuandika namba zote, hata zile zilizobadilishwa baadaye. Wengi wangehifadhi namba ya mwisho tu, na hapo ningekosa la kukuambia. Umeuliza mambo mawili: kama takwimu pungufu zinaweza kusema ukweli, na kama watoto wabaki au waondoke. Nitaanza na la kwanza, kwa sababu la pili linalitegemea.

Wanaosema hakuna anayejua lolote wamepata nusu ya ukweli. Idadi kamili hatuijui. Kipindupindu chenyewe hujificha: walio wengi kati ya wanaoambukizwa hawaonyeshi dalili yoyote, au huhara kidogo wakadhani ni chakula cha jana, huku vimelea vikitoka kwenye kinyesi chao kwa siku kadhaa. Ongeza wanaonunua vidonge dukani, wanaoogopa gharama, na wanaoona aibu kusema wanaharisha. Namba anayowasomea mhamasishaji wenu ni sehemu tu ya wagonjwa, na huenda ni sehemu ndogo.

Lakini idadi ni jambo moja na kasi ni jambo lingine. Chukua ua wa mabati kando ya barabara, wenye tundu dogo moja. Ukichungulia hapo huoni magari yote yanayopita. Ila kama tundu ni lile lile na wewe umesimama pale pale, leo ukaona magari 10 kwa dakika na kesho ukaona 20, una haki ya kusema magari yameongezeka maradufu, ingawa hujui ni mangapi. Tuseme zahanati yenu huona mgonjwa 1 kati ya 10. Wakiugua watu 110 wiki hii na 240 wiki ijayo, yenyewe itaandika 11 na 24. Ikiwa huona 1 kati ya 3, itaandika 37 na 80. Gawanya namba ya pili kwa ya kwanza na utapata jibu lile lile, zaidi kidogo ya mara mbili. Udogo wa tundu hauharibu kasi. Kinachoiharibu ni tundu kupanuka au kuzibwa wewe usijue.

Kwa hiyo kazi kubwa ya anayefuatilia mlipuko katika nchi kama yetu si kuomboleza kwamba maabara ni chache. Ni kuuliza kila wiki, tena kwa ukaidi: je, tumehesabu kwa njia ile ile ya wiki iliyopita?

Hapa Nairobi sababu za kujibu "hapana" ni nyingi. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, na ule wa 2024 siku 56. Milango ya hospitali za umma ikifungwa, wagonjwa hupungua kwenye vitabu huku mitaani wakiendelea kuugua vile vile. Vitendanishi, yaani dawa za kupimia za maabara, vikiisha, wagonjwa waliothibitishwa hupungua pia. Upande wa pili, hema la matibabu ya bure likifunguliwa uwanjani, au wahamasishaji wakianza kupita nyumba kwa nyumba, watu waliokuwa wakiugulia ndani wanajitokeza, namba inaruka, na mtaa unashikwa na hofu siku ile ile huduma ilipokuwa nzuri zaidi.

Kuna chanzo kingine ambacho watu wengi hawakijui, nacho ni maana ya "mgonjwa". Kabla mlipuko haujathibitishwa mahali, anayeshukiwa kuwa na kipindupindu ni mtu wa miaka 2 na zaidi anayehara maji ghafla na kuishiwa maji mwilini vibaya, au aliyekufa kwa kuhara huko. Mlipuko ukishatangazwa, anahesabiwa yeyote anayehara maji ghafla, awe mtoto mchanga, awe mtu anayetembea mwenyewe. Siku ya tangazo, tundu limepanuliwa. Muulize mhamasishaji wenu ni wiki gani kipindupindu kilitangazwa rasmi kwenu. Ikiwa ni kati ya wiki ya pili na ya tatu, sehemu ya ule mruko wa 5 hadi 11 huenda ilitokana na kanuni mpya ya kuhesabu.

Njia mojawapo ya kujikinga na udanganyifu huu ni kutotazama waliopatikana na ugonjwa peke yao, bali wangapi wamepatikana katika kila 100 waliopimwa. Wakipimwa watu wengi zaidi, wagonjwa wakaongezeka, lakini sehemu yao katika kila 100 ikashuka, huenda ni upimaji ndio ulioongezeka. Wagonjwa wakipungua huku sehemu hiyo ikipanda, mimi huingiwa na wasiwasi mkubwa kuliko namba yoyote ya tangazo.

Sasa tuje kwenye ile 16, maana hapo ndipo mtaa wenu umegawanyika.

Fuata safari ya mgonjwa mmoja. Anaanza kuhara Alhamisi usiku. Ijumaa anakunywa vidonge vya dukani. Jumamosi analetwa zahanati akiwa hajiwezi. Sampuli inachukuliwa, inapelekwa maabara, na kuotesha vimelea huchukua siku mbili tatu hata mambo yakienda vizuri. Karani anajaza fomu ya wiki, ile MOH 505, ambayo hesabu yake huanzia Jumatatu hadi Jumapili. Wa kituo binafsi huenda akachelewa zaidi kufikishwa kwa afisa wa kaunti ndogo. Mgonjwa wa wiki ya nne anaweza kabisa kuingia kitabuni katikati ya wiki ya tano, na ikiwa kazi inafanywa kwa uaminifu, atarudishwa kwenye wiki aliyoanza kuugua. Ndiyo maana 7 ikawa 11, na 15 ikawa 24. Hakuna aliyepika. Kama kuna takwimu za mlipuko ningezitilia shaka, ni zile zisizorekebishwa kamwe.

Basi kosa la wanaosema "imeshuka kutoka 24 hadi 16" ni kulinganisha mbivu na mbichi. Ile 24 imeiva. Wachelewaji wote wameshafika. Ile 16 bado mbichi. Linganisha mbichi na mbichi: Ijumaa tatu mfululizo mmesomewa 7, kisha 15, kisha 16. Hapo unaona kitu tofauti kabisa. Kutoka 7 hadi 15 ni zaidi ya maradufu. Kutoka 15 hadi 16 ni karibu pale pale.

Unaweza kwenda hatua moja mbele. Wiki ya tatu, siku ya kusomewa, walikuwa wamefika 7 kati ya 11. Wiki ya nne, 15 kati ya 24. Mara zote mbili ni kama 63 katika kila 100. Ikiwa uchelewaji wa wiki hii ni ule ule, 16 itaiva ikiwa 25 hivi. Kama ugonjwa ungekuwa bado unaongezeka maradufu, wiki ya tano ingeishia karibu 48, na Ijumaa mngesomewa kama 30. Hamkusomewa 30.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba haupungui, lakini pia mbio zake zimekatika, angalau kwa sasa. Natumia neno "maoni" makusudi. Nimejenga makadirio juu ya wiki mbili tu, na 16 hiyo inaweza kuiva ikawa 21 au 30. Tena yote yanasimama ikiwa njia ya karatasi haikubadilika: hapakuwa na sikukuu katikati, hapakuwa na mgomo, maabara haikukwama. Hayo unaweza kuyauliza wewe mwenyewe kwa dakika tano.

Kijana wa chuo naye nisimwonee, maana hesabu yake ya wiki nne za kwanza ni sahihi. Kutoka 2 hadi 24 kwa wiki tatu ni mara 12, ambayo ni sawa na kuongezeka maradufu kila siku 6 hivi. (Mruko wa 2 hadi 5 nisingeuwekea uzito peke yake; kwa namba ndogo hivyo, familia moja iliyokunywa mtungi mmoja inatosha kuzibadilisha.) Alikosea alipoinyoosha mistari hiyo hadi Krismasi kana kwamba watu hawatabadilika. Tuliwahi kuliona jambo hilo kwa ukubwa wa kutisha. Septemba 2014, wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi, shirika la CDC la Marekani lilikadiria kwamba kama hakuna kitakachobadilika, Liberia na Sierra Leone zingeweza kufikia wagonjwa milioni 1.4 kufikia Januari 2015, ukiwajumlisha wasioripotiwa. Mlipuko wote, pamoja na Guinea, uliisha ukiwa na wagonjwa wapatao 28,600 walioripotiwa na vifo zaidi ya 11,000. Kulikuwa na shida kubwa, lakini watu walibadili namna ya kuzika, wagonjwa walitengwa, vituo vilijengwa. Makadirio yale yalikuwa yakisema yatakayotokea mkikaa kimya, na yana faida yakisomwa hivyo. Mwombe kijana wenu aandike maneno hayo juu ya grafu yake: "tusipofanya kitu".

Pengine pia amewatajia herufi R, maana tangu korona imekuwa maarufu. R ni wastani wa watu ambao mgonjwa mmoja huwaambukiza. Ikiwa juu ya 1 ugonjwa unapanda, ikiwa 1 unabaki pale pale, chini ya 1 unafifia. Watu huichukulia kuwa ndiyo kasi, na sivyo. Kasi hutokana na vitu viwili: R, na siku zinazopita kati ya mgonjwa mmoja na yule aliyemwambukiza. Surua, mahali pasipo na chanjo, R yake hutajwa kuwa 12 hadi 18, lakini kutoka mgonjwa hadi mgonjwa hupita siku 11 au zaidi. Homa ya mafua ya kila mwaka ina R ndogo, juu kidogo tu ya 1, na bado huzunguka mji kwa wiki chache kwa sababu hatua zake ni za siku tatu hivi. Kipindupindu hujitokeza saa chache hadi siku 5 baada ya kuambukizwa, na hatua yake hukadiriwa kuwa siku 5 hivi. Ukiweka hizo kwenye namba zenu za wiki nne za kwanza, R inakuwa karibu 2. Wiki ya tano, ikiwa 25 itasimama, imeshuka hadi karibu 1. Ndiyo kusema, ili mlipuko uanze kufifia kwenu hamhitaji miujiza. Mnahitaji kuzuia sehemu ya maambukizi tu, mradi iwe sehemu ya kutosha na isilegezwe.

Hapo lakini pana swali ambalo namba za wiki haziwezi kulijibu peke yake: je, kweli mtu anamwambukiza mtu, au wote wamekunywa mahali pamoja? Wageni 20 wakila kwenye matanga mamoja wakaugua, grafu itapaa kisha itaanguka, na ukitafuta R humo utakuwa unatafuta kisichokuwepo. Mitaa mingi ya upande wenu hupata maji kwa mabomba ya plastiki yanayopita ndani ya mitaro ya majitaka. Maji yakiwa na nguvu, bomba lenye ufa huvuja nje. Siku ya mgao, nguvu ikipungua, uchafu hunyonywa ndani, na wa kwanza kuchota maji yakirudi ndio hubeba uchafu huo kwenye mitungi. Ikiwa wagonjwa wengi walianza kuhara siku moja au mbili baada ya maji kurudi, na wanachota kwenye kioski kimoja, umepata habari yenye thamani kuliko R. Unaweza kufunga bomba leo.

Ndiyo sababu ningependa kamati yenu iwe na daftari. Kwa kila mgonjwa andikeni siku aliyoanza kuhara (hiyo, si siku aliyopelekwa hospitali), umri, ploti anayoishi, alikochota maji siku tano zilizotangulia, na alikotafuta matibabu, hata kama ni dukani. Majina yabaki kwa mhamasishaji na yasiwekwe WhatsApp, kwa sababu mtu aliyeaibishwa mara moja hatamleta mtoto wake mara ya pili. Chora vijumba kwenye karatasi ya hesabu, kijumba kimoja kwa kila mgonjwa, juu ya tarehe aliyoanza kuugua. Siku saba za mwisho zipake kwa penseli hafifu ili kila mtu akumbuke bado hazijajaa.

Na mkitaka kujua ukubwa wa tundu lenyewe, hilo nalo linapimika bila maabara. Ilishafanyika Kibera. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na CDC walipofuatilia homa ya matumbo huko, waliotambuliwa kliniki walikuwa 247 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Lakini walikuwa pia wakipita majumbani kuuliza nani ameugua na nani amekwenda wapi. Walipowaweka kwenye hesabu wale ambao hawakufika kliniki, ikawa 822. Zaidi ya mara tatu! Ninyi mnaweza kuchagua nyumba kadhaa bila kupendelea, tuseme kila nyumba ya kumi, mkauliza: nani hapa amehara maji wiki mbili hizi, na alikwenda wapi? Mkirudia zoezi hilo baada ya wiki mbili kwa njia ile ile, mtajua kama tundu limebadilika. Mwenye duka la dawa mwombeni ahesabu pia pakiti za ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) anazouza kwa siku. Wateja wake ndio wagonjwa ambao hospitali haiwaoni, na mara nyingi yeye huliona wimbi kabla yetu.

Njia za kitaalamu zaidi zipo na zinafanyika hapa hapa nchini. Mwishoni mwa Mei 2020 Kenya ilikuwa imeripoti wagonjwa wa korona wapatao 2,000. Watafiti wa mpango wa KEMRI-Wellcome Trust, Kilifi, walipopima kingamwili, yaani alama ambazo maambukizi huacha mwilini, kwenye damu ya wachangiaji wa miezi ile, walikadiria kwamba watu wapatao milioni 1.6 wa umri wa miaka 15 hadi 64 walikuwa wameshaambukizwa. Novemba mwaka huo, uchunguzi wa nyumba kwa nyumba Nairobi ulizikuta alama hizo kwa karibu mtu 1 kati ya 3. Majitaka nayo husema: Machi 2018 virusi vya polio vilivyotokana na chanjo viligunduliwa Kamukunji kwa kupima majitaka ya Eastleigh, bila kusubiri mtoto apooze. Ila majitaka huwasemea waliounganishwa na mfereji wa jiji. Anayetumia choo cha shimo hasikiki humo, na damu hutoa jibu miezi baadaye. Kwa uamuzi wa wiki hii, daftari lenu lina nguvu zaidi.

Vifo nitavitaja kwa ufupi. Kipindupindu kikitibiwa mapema huua chini ya mtu 1 kati ya 100. Mkisikia mtaani kwenu wamekufa 5 kati ya 100 walioripotiwa, kuna mawili: wagonjwa wa nafuu hawahesabiwi, au wanaozidiwa wanachelewa kufika. Aliyefia nyumbani hujulikana kwanza na naibu wa chifu anayetoa kibali cha mazishi, kwa hiyo chifu awe ndani ya mazungumzo yenu tangu mwanzo.

Sasa watoto. Nimeliacha hadi hapa kwa sababu ukijua kasi imekatika, uamuzi huu unapoteza ile presha ya "leo leo". Kuwapeleka Kitui kuna faida moja ya kweli: wanaondoka kwenye maji mnayoyashuku. Hasara zake ni kubwa kuliko zinavyoonekana. Mtoto anaweza kuwa ameambukizwa na bado anacheza. Akianza kuhara ndani ya matatu, au usiku kwa nyanya ambako zahanati iko mbali na imefungwa, zile saa chache zinazookoa maisha zinapotea njiani. Tena anaweza kukibeba hadi kwenye maji ya kijiji kizima na asiugue mwenyewe. Safari zetu za kwenda nyumbani ndizo barabara za magonjwa. Utafiti wa 2012 uliotumia data za simu za Wakenya karibu milioni 15 ulionyesha jinsi watu wanavyosafirisha vimelea vya malaria kati ya Nairobi na eneo la Ziwa Victoria.

Mimi ningewaacha nyumbani, ikiwa unaweza kutibu maji yote ya kunywa, ya kupigia mswaki na ya kuoshea matunda. Kuchemsha kunafaa, ila najua bei ya makaa na gesi. Tembe za klorini ni nafuu zaidi: fuata kipimo cha pakiti, chuja kwanza kwa kitambaa safi kama maji yana tope, funika, subiri nusu saa. Maji yamiminwe kutoka kwenye mtungi wenye mdomo mwembamba, kikombe kisichovywe. Chakula kiliwe kikiwa moto, mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kupika. Mtoto anyonyaye aendelee kunyonya. Chanjo ya kipindupindu, ile ya kunywa, ikiletwa, wapeleke. Nairobi ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizopata kampeni hiyo Februari 2023. Kwa sababu ya uhaba duniani, tangu Oktoba 2022 dozi imekuwa moja badala ya mbili wakati wa milipuko, kwa hiyo kinga yake ni ya muda na haiondoi haja ya kutibu maji.

Ningebadili ushauri huu katika hali moja: ikiwa huwezi kabisa kupata maji ya kutibu, na Kitui wana maji salama na zahanati iliyo karibu. Hapo wapeleke wakiwa wazima, baada ya siku 5 bila yeyote nyumbani kuhara, ukiwa umebeba pakiti za ORS, na umwambie muuguzi wa huko walikotoka.

Mtu akianza kuhara maji yanayofanana na yaliyooshea mchele, mpe ORS papo hapo. Ukiikosa, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Mpe kidogo kidogo hata kama anatapika, na usimpe dawa za kufunga tumbo. Kisha mpeleke kituoni. Nenda bila kuchelewa, hata usiku, ukiona macho yamebonyea, ngozi ikifinywa hairudi haraka, hakojoi, misuli inamkaza, amelegea au hawezi kunywa. Mtu mzima mwenye afya anaweza kufa ndani ya saa chache kwa kupoteza maji, na dripu humrudisha kwa kasi hiyo hiyo. Matibabu hayasubiri majibu ya maabara. Ukiambiwa usubiri, mwombe msimamizi wa zamu. Na ukiwa hapo mlangoni, mtajie karani ploti mnayotoka na siku halisi kuhara kulipoanza.